Maswali ya Wasomaji: Mwendesha Mashtaka Anapoomba Kura ya Uanasheria Mkuu wa Jimbo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Uvira, na baada ya miaka mingi ya ukimbizi nilipokewa Marekani pamoja na mke wangu na watoto wetu. Mwaka jana nilikula kiapo cha uraia, kwa hiyo uchaguzi ujao utakuwa wa kwanza kwangu kupiga kura katika nchi hii. Kati ya nafasi zinazogombewa ipo ya Mwanasheria Mkuu wa Jimbo, na mmoja wa wagombea amewahi kuwa mwendesha mashtaka. Kila anaposimama jukwaani husema kwamba amewapeleka wauaji gerezani na kwamba hiyo ndiyo sifa yake kuu. Majirani zangu wengine wanampenda kwa sababu hiyo, na wengine wanamwogopa kwa sababu hiyohiyo. Mimi nimeona waendesha mashtaka wa aina mbili maishani mwangu, waadilifu na wala rushwa, na sijui nipime vipi. Je, kuwa mwendesha mashtaka ni sifa ya kumfanya mtu apewe kazi hii? — Msomaji, Marekani

JIBU: Ndugu yetu, hongera kwa uraia, na hongera zaidi kwa kuuliza mapema. Nafasi hii huwekwa chini ya karatasi ya kura, mbali na ya gavana na seneta, na wako wapiga kura ambao hufika hapo wakiwa wamechoka, wakaiacha tupu au wakafuata jina la chama tu.

Kazi hizi mbili zinakaribiana kwa elimu inayotakiwa, lakini kwa shughuli za kila siku zimeachana sana. Mwendesha mashtaka wa kaunti hushughulika na jinai: polisi humletea jalada, naye huamua kama mtu ashtakiwe, ashtakiwe kwa kosa lipi, au jalada lifungwe. Mwanasheria Mkuu wa jimbo ni wakili wa jimbo zima. Huitetea serikali ya jimbo inaposhtakiwa, huzitetea sheria za jimbo mahakamani hata zile ambazo moyoni hazipendi, hutoa maoni ya kisheria yanayoombwa na wabunge na idara, huyafungulia kesi makampuni yanayowalaghai wateja au kuchafua maji na hewa, na katika majimbo mengi husimama upande wa jimbo katika rufaa za jinai. Kwa hiyo mgombea anayekuhesabia wauaji aliowafunga anakueleza habari ya kweli kuhusu kazi aliyoiacha, na bado hajakueleza lolote kuhusu kazi anayoiomba.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba historia hiyo haina uzito. Ina uzito mkubwa, ila si kwa upande ule anaoutangaza yeye. Mwendesha mashtaka ni miongoni mwa watu wachache serikalini wanaoweza kuyaharibu maisha ya mtu kabla hakimu hajasema neno, kwani kushtakiwa peke yake kunatosha kumfukuzisha mtu kazi na kumtenga na jamii. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1935 kwamba lengo la anayeiwakilisha serikali katika kesi ya jinai si kushinda bali ni haki itendeke, na mwaka 1963 ikaamua kwamba ushahidi unaomsaidia mshtakiwa hauruhusiwi kufichwa na upande wa mashtaka. Anayetaka kumpima aliyekuwa mwendesha mashtaka na atazame hapo: mamlaka hayo aliyatumiaje pale ambapo hakuna aliyekuwa akimpigia makofi, na alifanya nini siku ofisi yake mwenyewe ilipokosea.

Nitakupa mfano wa California, kwa sababu jimbo hilo limewapandisha waendesha mashtaka wake mara nyingi hadi katika nafasi hii. Earl Warren alikuwa mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Alameda tangu mwaka 1925, akachaguliwa kuwa Mwanasheria Mkuu mwaka 1938. Mwaka uliofuata alizifunga meli za kamari zilizokuwa zimetia nanga nje ya pwani ya Santa Monica, na sifa zake zikavuma. Lakini mwaka 1942, Marekani ilipokuwa vitani na Japani, Warren huyohuyo alikuwa mmoja wa viongozi waliosisitiza kwamba watu wa asili ya Japani waondolewe pwani ya magharibi, wakiwamo raia waliozaliwa Marekani. Zaidi ya watu 110,000 walihamishwa na kuwekwa kambini pasipo ushahidi dhidi ya yeyote kati yao mmoja mmoja, yaani kwa njia ambayo katika kesi ya wizi wa kuku Warren mwendesha mashtaka asingethubutu kuipeleka mahakamani. Hilo linanisikitisha kila ninapolisoma, kwa sababu aliyesahau kudai ushahidi ni mtu ambaye kudai ushahidi ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka 13. Baadaye akiwa Jaji Mkuu wa Marekani aliongoza mahakama iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma mwaka 1954, na mwaka 1966 ikawalazimisha polisi kumweleza mtuhumiwa haki zake kabla ya kumhoji. Katika kumbukumbu zake alieleza kwamba aliujutia sana uhamisho ule. Wewe uliyewahi kuwa mkimbizi unaelewa kuliko mimi kwamba majuto ya namna hiyo huwafikia waliohamishwa wakiwa wamekwisha kupoteza nyumba na mashamba.

Mfano wa karibu zaidi, na uliojaa mafunzo zaidi kwa swali lako, ni uchaguzi wa mwaka 2010 katika jimbo hilohilo, ambapo wagombea wakuu wote wawili walikuwa waendesha mashtaka ambao bado walikuwa ofisini. Kwa upande wa Chama cha Democratic alisimama Kamala Harris, mwendesha mashtaka wa San Francisco tangu Januari 2004, ambaye kazi ya uendeshaji mashtaka aliianza mwaka 1990 katika Kaunti ya Alameda, ofisi ileile aliyowahi kuiongoza Warren. Kwa upande wa Chama cha Republican alisimama Steve Cooley, mwendesha mashtaka wa Los Angeles kwa takriban miaka 10.

Miezi michache tu baada ya Harris kuingia ofisini, tarehe 10 Aprili 2004, polisi kijana aitwaye Isaac Espinoza aliuawa kwa risasi akiwa kazini katika mtaa wa Bayview. Harris alikuwa amewaahidi wapiga kura kwamba hatadai adhabu ya kifo, na siku chache baada ya mauaji, kabla hata ya mazishi, akatangaza kwamba hataidai katika kesi hiyo pia. Katika ibada ya mazishi seneta Dianne Feinstein, wa chama chake mwenyewe, alisema hadharani kwamba kesi ile ilistahili adhabu hiyo, na mamia ya polisi waliokuwamo kanisani wakasimama kumpigia makofi huku Harris ameketi palepale. Muuaji alihukumiwa mwaka 2007 kifungo cha maisha bila nafasi ya kuachiliwa. Unaweza kukubaliana na uamuzi ule au kuupinga, na wako watu waaminifu pande zote mbili. Ninachotaka ukione ni kwamba hapo mpiga kura alipata jambo la kupima: ahadi iliyotolewa kabla ya kura, na uamuzi uliofanywa chini ya shinikizo zito kuliko la hotuba yoyote ya kampeni. Harris pia alikwenda mbele ya wapiga kura wa 2010 akisema kwamba akiwa Mwanasheria Mkuu ataitekeleza sheria ya jimbo iliyoruhusu adhabu hiyo, kwa kuwa kazi ni nyingine. Mwaka 2014 jaji wa shirikisho alipoamua kwamba adhabu ya kifo ya California inakiuka katiba, Harris, aliyekuwa akiipinga adhabu hiyo tangu zamani, ndiye aliyekata rufaa kwa niaba ya jimbo. Waliomchagua kwa msimamo wake wa zamani walivunjika moyo, na mimi ninawaelewa, lakini mgombea yeyote wa nafasi hii anapaswa kuulizwa mapema atafanya nini sheria ya jimbo na dhamiri yake zitakapogombana.

Doa kubwa zaidi katika kumbukumbu yake ya San Francisco, kwa maoni yangu, ni lile la maabara ya uchunguzi ya polisi. Mapema mwaka 2010, kampeni ikiwa imepamba moto, ilijulikana kwamba mtaalamu mmoja wa maabara hiyo alikuwa akichukua kokeini iliyoletwa kama ushahidi. Kitengo cha kupima dawa za kulevya kilifungwa na kesi kwa mamia zikafutwa. Hilo lilikuwa kosa la maabara. Kosa la ofisi ya mashtaka lilikuwa jingine: waendesha mashtaka wa ngazi za juu walikuwa wamekwisha kuonyana kwa maandishi kwamba mtaalamu huyo hategemeki, na mawakili wa washtakiwa hawakuambiwa. Mwezi Mei jaji mmoja aliandika kwamba ofisi ya Harris ilikiuka haki za washtakiwa kwa kutotoa taarifa hizo. Harris alisema kwamba onyo lile halikumfikia yeye, na baadaye akaweka utaratibu rasmi wa kuwafahamisha mawakili wa utetezi. Mimi ninaona jibu la kwamba mkuu hakuambiwa halitoshi kwa mtu anayeomba ofisi yenye mawakili zaidi ya 1,000, maana huko yatakayotendwa kwa jina lake bila yeye kuyaona yatakuwa mengi zaidi. Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2014 mawakili wa ofisi yake waliiambia mahakama kwamba kuwaachilia mapema baadhi ya wafungwa kungelipunguzia jimbo nguvukazi, wakiwamo wafungwa wanaozima moto wa misituni. Harris alisema kwamba hoja hiyo ilimshtua na kwamba hakuwa na habari nayo kabla.

Haki inanitaka nieleze na upande wa pili. Mwaka 2011 majimbo karibu yote yalikuwa katika mazungumzo na benki kubwa tano zilizokuwa zimewanyang'anya watu nyumba zao kwa hati za rehani zilizosainiwa pasipo kukaguliwa. California ilikuwa ikitarajia kupata kiasi cha dola bilioni 4. Harris alijitoa katika mazungumzo mwezi Septemba akisema fungu hilo ni dogo, akalaumiwa na wengi waliotaka mambo yamalizwe, na makubaliano yalipotiwa saini Februari 2012 jimbo lake lilikadiriwa kupata nafuu ya hadi dola bilioni 18. Wakosoaji wanakumbusha, nao wako sahihi, kwamba sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilihesabiwa kutokana na nyumba zilizouzwa kwa bei ya chini kuliko deni, ambako familia iliondokewa na deni lakini pia ikaondoka katika nyumba. Hata hivyo tazama kilichomsaidia mezani. Mwendesha mashtaka mzoefu amejifunza kukaa na upande wa pili na kukataa makubaliano duni bila kutetemeka, kwa sababu anajua yuko tayari kwenda mahakamani. Huo ni ujuzi halisi unaohama pamoja na mtu.

Upo na ujuzi unaohama vibaya. Mtu aliyezoea kutumia adhabu huelekea kuiona adhabu kuwa dawa ya kila ugonjwa. Harris alipokuwa San Francisco aligundua kwamba watoto wengi waliouawa au walioingia katika uhalifu walikuwa wameacha shule, akaanza kuwaita wazazi na kuwaonya kwamba wanaweza kushtakiwa. Aliiunga mkono sheria ya jimbo iliyopitishwa mwaka 2010, iliyoruhusu mzazi wa mtoto mtoro sugu atozwe faini ya hadi dola 2,000 au afungwe hadi mwaka 1. Nia ilikuwa kuwarudisha watoto darasani, lakini katika kaunti nyingine wapo wazazi waliokamatwa kwa sheria hiyo, na mwaka 2019 Harris alieleza kwamba anajutia matokeo hayo. Fikiria mama anayefanya kazi mbili, mwenye mtoto mgonjwa, asiyekijua vizuri Kiingereza, akipokea barua ya aina hiyo. Katika jamii yetu ya wahamiaji akina mama kama huyo ni wengi.

Basi, ndugu, mgombea wenu akija katika mkutano wa kanisani au wa jumuiya, usimuulize amewafunga wangapi. Muulize kesi moja aliyoifunga kwa sababu ushahidi haukutosha, hasa ikiwa watu walikuwa wakimtaka ashtaki. Muulize kama ofisi yake iliwahi kukutwa imeficha ushahidi au imemfunga asiye na hatia, na yeye alichukua hatua gani na baada ya muda gani. Muulize ni sheria gani ya jimbo anayoichukia lakini ataitetea, na ipi atakataa kuitetea. Kisha tafuta magazeti ya mji alikofanya kazi, si matangazo yake, na kama unaweza, zungumza na wakili wa utetezi aliyewahi kukabiliana naye mahakamani, maana huyo anamjua kwa namna ambayo wafuasi wake hawamjui. Akijibu kwa mifano yenye tarehe na matokeo, mpe uzito. Akirudia tu habari za wauaji, umepata jibu lako.

SWALI: Ndugu Mhariri, kwetu Kenya Mwanasheria Mkuu huteuliwa. Nashangaa kwamba Wamarekani humpigia kura mtu wa sheria kama wampigiavyo kura diwani. Je, hiyo si kuiingiza sheria sokoni? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Hofu yako ina msingi, lakini kwanza tutenganishe vyeo, kwa sababu jina moja la Kiswahili linafunika kazi tofauti. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, Mwanasheria Mkuu wa Kenya hupendekezwa na Rais, huidhinishwa na Bunge la Kitaifa, naye ni mshauri wa serikali. Mamlaka ya kushtaki, ambayo zamani yalikuwa mikononi mwake, sasa ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, anayehudumu kwa muhula mmoja wa miaka 8. Tanzania nayo ina Mwanasheria Mkuu anayeteuliwa na Rais, na Mkurugenzi wa Mashtaka aliye na ofisi yake. Hata Marekani, Mwanasheria Mkuu wa serikali ya shirikisho huteuliwa na Rais na kuidhinishwa na Seneti. Wanaochaguliwa ni wa majimbo, tena si yote: majimbo 43 huwachagua kwa kura za wananchi, katika majimbo 5 gavana ndiye huteua, Maine huwaachia wabunge wake, na Tennessee huiachia Mahakama Kuu ya jimbo.

Faida ya kuchaguliwa ni kwamba Mwanasheria Mkuu hana deni kwa gavana. Anaweza kukataa agizo lake na bado akaamka kesho akiwa na kazi. Hasara ndiyo hiyo uliyoitaja, na uchaguzi wa California wa 2010 unaionyesha vizuri. Mwezi Septemba, wiki sita kabla ya kura, Cooley alitangaza mashtaka dhidi ya viongozi 8 wa sasa na wa zamani wa mji mdogo wa Bell, ambako meneja wa mji alikuwa akijilipa karibu dola 800,000 kwa mwaka huku wakazi wengi wakiwa wafanyakazi wa kipato cha chini. Kesi ilikuwa ya haki kabisa, na meneja huyo mwishowe alihukumiwa kifungo cha miaka 12, lakini ukweli unabaki kwamba mshtaki alikuwa pia mwomba kura, na kila picha ya pingu ilikuwa pia picha ya kampeni. Mtu anayeipenda haki angetamani mambo hayo mawili yasikutane katika mikono ya mtu mmoja.

Kilichomwangusha Cooley hakikuwa kesi. Katika mdahalo wa mwezi Oktoba mjini Davis aliulizwa kama akishinda atachukua pensheni ya kaunti pamoja na mshahara wa jimbo, naye akajibu bila kusita kwamba ndiyo, ameifanyia kazi. Harris akaligeuza jibu hilo kuwa tangazo la televisheni, wakati ambapo watu wengi walikuwa wamepoteza ajira na nyumba. Usiku wa uchaguzi Cooley alijitangaza mshindi, kesho yake hesabu ikageuka, na ilichukua wiki tatu hadi alipokubali kwamba ameshindwa kwa kura takriban 74,000 kati ya zaidi ya milioni 9 zilizopigwa. Kaunti ya Los Angeles, iliyokuwa imemchagua mara tatu kuwa mwendesha mashtaka wake, ilimpa Harris kura nyingi zaidi. Sioni ubaya wananchi kumuuliza mwanasheria kuhusu pensheni yake, kwani fedha ni zao. Nasikitika tu kwamba suala la maabara ya San Francisco, lililogusa uhuru wa mamia ya watu, halikupata nguvu sawa na jibu la sentensi mbili kuhusu malipo ya uzeeni.

SWALI: Je, Mwanasheria Mkuu wa jimbo anaweza kumwamuru mwendesha mashtaka wa kaunti afungue kesi aliyoikataa? — Mwanafunzi wa sheria, Dodoma

JIBU: Inategemea jimbo. California ina kaunti 58, kila moja na mwendesha mashtaka wake aliyechaguliwa na wakazi, na katiba ya jimbo inampa Mwanasheria Mkuu mamlaka ya kuwasimamia wote, na kuingilia pale anapoona sheria haitekelezwi ipasavyo. Kwa desturi mamlaka hayo hutumika kwa nadra, kwa kuwa kumnyang'anya kesi mtu aliyechaguliwa ni kuwapuuza waliomchagua. Baada ya mauaji ya Isaac Espinoza, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Bill Lockyer, alishinikizwa aichukue kesi kutoka kwa Harris ili adhabu ya kifo idaiwe. Aliupitia uamuzi wake, akaona kwamba hakuvuka mipaka ya mamlaka aliyopewa na sheria, akamwachia kesi yake. Januari 2011 Harris aliapishwa kushika cheo kilekile cha Lockyer, na tangu siku hiyo ikawa zamu yake kuamua ni lini awaache waendesha mashtaka wa kaunti 58 waamue wenyewe.